Mashine Iliyokana Mdomo Wake

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo ni tarehe tatu Februari, na kabla sijafika mbali naahidi kukueleza kila kitu, pamoja na yale yatakayonifanya nionekane mjinga. Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua inayoficha mambo ni bahasha tupu iliyobandikwa stempu.

Nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mguu wake umepona na amerudi kwenye cherehani yake. Baba pia ni mzima. Amepata kazi ya milango kumi na miwili ya zahanati mpya, kwa hiyo nyumba yote inanuka gundi na tunakula vumbi la mbao. Hakusema nikusalimie. Alikuwa anapiga randa nilipomwambia nakuandikia, na huenda hakusikia. Nilimwambia mara mbili.

Kompyuta uliyonitumia kwa lori la mafuta ilifika salama, na dereva, yule wanayemwita Taratibu, aliishusha mwenyewe. Nimeiweka pembeni mwa karakana ya Baba kwa sababu ndiko kwenye meza imara. Nilifuata karatasi yako ya maelekezo. Niliingiza diski ya Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, nikawasha, ikanguruma, ikaleta ukurasa wa kuchagua lugha. Kiswahili hakimo, nikachagua Kiingereza. Nikachagua aina ya kibodi. Halafu ikasimama na kusema haioni kiendeshi. Nimerudia mara tisa. Mara zote tisa haioni kiendeshi.

Sasa nikwambie kwa nini nina haraka. Fomu za chuo cha ufundi zimeletwa shuleni, na zinatakiwa kurudi kabla ya tarehe 31 Mei zikiwa na sahihi ya mzazi au mlezi. Baba aliishika yangu kama mtu anayeshika ubao ulioliwa na mchwa. Akasema, "Fundi gani ambaye hajawahi kutengeneza kitu? Hilo sanduku lako likifanya kazi, nikaona kwa macho yangu, na hakuna fundi wa mtaani aliyeligusa, nitasaini. Lisipofanya kazi, kuna cherehani ya pili pale kwa mama yako, inakusubiri."

Nikamuuliza kama kukuuliza wewe kwa barua kunaruhusiwa. Akasema, "Muulize. Si ndiye aliyelileta? Huyo hakosi majibu."

Tafadhali nisaidie. Na utakuja lini? Mara ya mwisho nilikuwa darasa la nne.

Binti yako.


21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mguu wa mama yako umepona. Mwambie asikanyage hiyo cherehani kutwa nzima kama mtu anayekimbizwa. Mimi ni mzima. Kambi ni ileile: jenereta tatu, kompyuta tano za wapimaji wa barabara, na mainjinia ambao wakimwagia chai kibodi wanakuja kuniuliza kwa nini herufi zinanata. Mtandao hakuna, na simu inashika ukipanda juu ya tangi la maji, nami umri wa kupanda matangi umenipita. Kwa hiyo tuendelee na barua za Taratibu.

"Haioni kiendeshi." Kiendeshi ndiyo mdudu gani? Nimekaa na neno lako siku mbili. Bila shaka unamaanisha kile kidude kinachomeza diski. Sisi watu wa bisibisi tunakiita draivu, na hakijawahi kulalamika. Lakini nimeona, umesoma. Kuanzia leo nitakuita Kamusi.

Sikiliza, Kamusi. Zima umeme, chomoa kabisa ukutani, fungua ubavu wa sanduku. Nyuma ya draivu kuna nyaya mbili: moja ya umeme, na nyingine bapa, nyembamba, ya kupitishia habari. Chomoa hiyo bapa, futa vumbi, rudisha. Ikigoma, weka waya mpya niliokufungia humu. Ikigoma tena, azima draivu nyingine. Na kila unachochomoa kirudishe palepale ulipokitoa, usiniletee ubunifu. Kompyuta ile niliiunganisha mimi kutoka mizoga mitatu na najua nilichofanya. Flashi usijisumbue nayo, mashine ni kongwe, haianzi kwa flashi.

Kuhusu baba yako na masharti yake, sina la kusema. Anapenda sana fomu, baba yako.

Barua hii naipeleka shuleni kwako, kama ninavyofanya siku zote.

Shangazi yako.


4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Milango saba imekamilika. Mama anasema uache kumfundisha kukanyaga cherehani, kwani yeye anakufundisha kushika bisibisi? Alicheka alipokuwa akisema.

Nilifanya yote kwa mpangilio na nikaandika kwenye daftari. Kwanza nilifuta vumbi: haikukubali. Pili niliweka waya mpya: haikukubali. Tatu nilikwenda kwa fundi wa kona anayejiita Daktari ili niazime draivu. Yule bwana ana kibao kinachosema "Tunatibu Kompyuta Zote", na nyuma yake kuna rundo la kompyuta refu kuliko mimi, zote maiti. Aliniambia, "Lete hilo sanduku hapa, bibie. Linux ni ya watu wenye ndevu." Nilimjibu kwamba nimeomba draivu, sikuomba kinyozi. Wateja wawili walicheka, akanipa draivu ili niondoke. Nimeomba radhi moyoni, lakini si sana.

Niliifunga nyumbani, palepale, bila ubunifu. Haikukubali.

Kuna jambo linanisumbua. Mashine inasoma diski ili ianze. Ule ukurasa wa lugha unatoka kwenye diski hiyohiyo. Halafu inasema haioni chombo cha kusomea diski. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake. Akasema, "Kimeingia kwa mlango, kimeketi sebuleni, sasa kinauliza kama nyumba ina mlango. Mimi nikitengeneza mlango, mlango unajijua kuwa ni mlango." Kisha akarudi kazini akiwa amefurahi, na sijamwona amefurahi hivyo tangu mwaka jana.

Shangazi, kwa nini barua unazipeleka shuleni na nyumbani tuna anwani? Na hukunijibu utakuja lini.

Kamusi, kama unavyoniita.


22 Machi

Kamusi,

Marahaba. Naandika kwa kifupi, jenereta ya pili imekufa na mkuu wa kambi anaitazama kama mfiwa, hafanyi kitu, anaitazama tu.

Huyo Daktari umemjibu vizuri. Usimpe nafasi.

Kama waya mpya na draivu nyingine havikusaidia, basi tatizo ni dereva. Hakuna jingine. Achana na kufuta vumbi, shughulika na dereva.

Mlango wa baba yako ukijijua kuwa ni mlango, basi umemzidi mwenye nyumba akili.

Shangazi yako.


17 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Utaona tarehe na utauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapahapa. Nitakueleza, maana niliahidi.

Nilishughulika na dereva kama ulivyoagiza. Jumamosi nilimngoja Taratibu pale kituo cha mafuta tangu asubuhi. Aliposhuka nilimwamkia, nikamwambia kwa adabu, "Baba, shangazi yangu anasema tatizo la kompyuta ni wewe. Je, siku ile uliiangusha njiani, au labda uliipitisha kwenye mashimo kwa mwendo wa kasi?"

Shangazi, yule mzee kwanza aliufunga mlango wa lori. Kisha akasema, "Mimi? Mimi naitwa Taratibu miaka ishirini na sita. Nimebeba vioo. Nimebeba mayai. Nilimbeba injinia mwenye jino bovu na hakulia. Leo shangazi yako anasema mimi ni tatizo?" Akaita vijana wa pampu wote waje wasikilize. Akasema, "Barua zenu sasa zipande basi."

Nilimwonyesha barua yako ili ajue sikutunga. Hilo ndilo lililokuwa kosa la pili. Aliisoma mwenyewe, "shughulika na dereva", akaikunja polepole, akanirudishia. Ikapita safari moja nzima hakuchukua barua yangu. Juzi Mama alikwenda kumwomba radhi. Amekubali, lakini anasema ukitaka mafuta ya jenereta umwandikie barua ya heshima.

Baba amecheka mpaka akaketi kwenye mbao. Alisema, "Huyo ni dada yangu kabisa. Kitu kikiharibika, mtu mwingine ndiye aliyekiharibu." Sikupenda alivyolisema. Lakini alisema "dada yangu", na sikumbuki lini nililisikia mara ya mwisho.

Milango imekwisha. Leo ni tarehe 17 na fomu bado iko ndani ya daftari langu la Hisabati. Jana Mama alianza kunionyesha namna ya kutia uzi kwenye ile cherehani ya pili.

Kwa kuwa dereva hana kosa, nakuandikia ujumbe wote wa mashine. Nimeutafsiri kwa kutumia orodha ya istilahi aliyotupa mwalimu, neno kwa neno:

"Hakuna kiendeshi cha kawaida kilichotambuliwa. Huenda ukahitaji kupakia viendeshi vya ziada vya kiendeshi chako. Je, unataka kupakia viendeshi sasa?"

Nimekuwa nikijibu "hapana", kwa sababu sina viendeshi vingine. Daktari amechukua cha kwake.

Kamusi.


29 Aprili

Wewe Kamusi,

Marahaba, na Mungu akusamehe, maana mimi sijaamua.

Nimeisoma barua yako mbele ya wapimaji, na mmoja imebidi atoke nje. "Kupakia viendeshi vya ziada vya kiendeshi." Upakie kwenye nini, kwenye lori la Taratibu? Miezi mitatu nakutumia waya na ushauri, kumbe mashine inalia kitu kingine!

Sikiliza, kwa sababu huyo mwalimu wako na orodha yake wamewapa farasi na mpanda farasi jina moja. Kuna draivu: hicho ni chuma, kinameza diski. Na kuna dereva: hiyo ni programu ndogo inayojua namna ya kuongea na chuma. Dereva hana miguu, hanywi chai, hajabeba mayai. Nilipokwambia shughulika na dereva nilimaanisha huyo! Taratibu nimemwandikia ukurasa mzima wa kumwomba radhi na nimemwita mheshimiwa mara nne. Nne! Sijawahi kumwita mkuu wa kambi hivyo hata mara moja.

Sasa swali lako la mlango na sebule. Ulikuwa sahihi kusumbuka, nami nilikupita kwa haraka. Mashine ikiwashwa, ndani kuna mlinzi wa zamani anayejua kufungua diski kwa mazoea. Ndiye anayekuletea ukurasa wa lugha. Linux ikishaamka inamwondoa mlinzi na kushika kazi yenyewe, na hapo inahitaji dereva wa chipu inayoongoza tundu ambalo waya bapa umechomekwa. Kama chipu hiyo ni ya ajabu, Linux haina dereva wake, basi inaapa kwamba draivu haipo.

Tazama lile bamba kubwa la kijani ndani ya sanduku. Utaona matundu manne ya rangi moja yamekaa pamoja. Hayo yanaongozwa na chipu ya kawaida. Pembeni liko tundu moja la rangi tofauti, limejitenga kama mtu aliyenuna. Hilo lina chipu yake ya ajabu. Nina hakika waya wako umo humo. Hamisha uweke kwenye moja ya yale manne. Na umtafute huyo mpumbavu aliyechomeka pale, maana ni mtu mvivu asiyesoma kitabu cha mashine. Namshuku Daktari. Mwambie nimesema hivyo.

Unauliza kila barua nitakuja lini. Jenereta ya pili haijapona.

Shangazi yako.


9 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na Mama anakusalimu. Taratibu naye anakusalimu. Barua yako ameiweka juu ya dashibodi, upande wenye "mheshimiwa" umeelekea nje.

Nilifungua sanduku. Waya ulikuwa kwenye tundu lililonuna, kama ulivyosema. Lakini ilinipasa kuchunguza ni nani aliuweka, kwa sababu umeniagiza nimwambie. Daktari hajawahi kuligusa sanduku hili. Baba alikataza. Mimi nilirudisha kila kitu palepale nilipokitoa. Na kando ya tundu pamebandikwa kipande cha karatasi chenye mwandiko ninaoufahamu, kinachosema, "Draivu hapa. Usiguse." Kuna methali juu ya nyani na jambo asiloliona. Adabu inanizuia kuiandika yote.

Nimemfikishia mpumbavu ujumbe wako. Yeye ndiye anayesoma hapa.

Nilihamisha waya saa nne asubuhi, Jumamosi. Nilichagua lugha, nikachagua kibodi, nikangoja. Haikusimama! Iliita draivu kwa jina lake la kiwandani, na diski ngumu pia, ikaanza kunakili. Nilipiga kelele, Baba akadhani nimejikata. Alikuja, akavuta kigoda chake, akakaa, akakunja mikono. Aliutazama ule mstari ukijaa kwa saa moja na nusu bila kuondoka. Nadhani alitaka kuwepo utakaposimama. Haukusimama. Ilipojiwasha upya bila diski, nikamfungulia ukurasa mweupe, akasema, "Andika kitu." Nikaandika vipimo vya milango yake kumi na miwili, vyote kwa kichwa, maana nimeishi navyo. Akavisoma kimoja kimoja. Akasema, "Wa tisa umekosea kwa sentimita moja." Nikarekebisha.

Nikaleta fomu.

Alichukua kalamu. Alisoma mpaka pale palipoandikwa "mzazi au mlezi", akaweka kalamu chini. Nilidhani anatafuta sharti jingine, na nilikasirika, Shangazi, nilimwambia, "Baba, uliahidi." Hakunikaripia. Alisema, "Kaa."

Nitaandika alivyosema, bila kutafsiri.

"Shangazi yako alishapata fomu kama hii. Chuo hikihiki. Babu yako aliisaini, akanipa mimi niipeleke posta. Mimi mtihani wa kuingia pale ulikuwa umenishinda mwaka uliotangulia, na yeye ni mdogo wangu. Niliiweka chini ya boksi la misumari. Nilijiambia nitaipeleka kesho. Majibu hayakuja, babu yako akasema basi, hawakumtaka. Nami nikanyamaza." Kisha akasema, "Sijui kama anajua. Nadhani anajua. Mtu hapeleki barua shuleni miaka yote hii bure."

Cherehani ya Mama ilikuwa imenyamaza chumba cha pili. Nadhani naye alikuwa hajawahi kulisikia hilo.

Nilikuwa na maneno mengi makali, na mengine niliyapata kwako. Nilimwuliza moja tu: kwa nini mtu aliyeficha fomu ya dada yake amekaa miezi mitatu akiicheka mashine kwa kusema haioni kilicho mbele yake? Sikujivunia sana, lakini sikulifuta swali hilo.

Baadaye alisema, "Sitasaini mpaka yeye aseme. Si sharti, mwanangu. Mkono wangu hauwezi. Muulize kama nisaini mimi, au aje asaini yeye. Nitakubali lolote." Sasa fomu iko mezani karakanani, kalamu juu yake, na anafanya kazi kwa kuizunguka. Hata vumbi analipuliza lisiifikie.

Taratibu anaondoka kesho na barua hii na atarudi tarehe 22. Nimemuuliza, kiti cha mbele kitakuwa wazi. Mwisho wa kurudisha fomu ni tarehe 31. Siku zinatosha, lakini hazitoshi kwa barua mbili. Sikwambii la kufanya, na sitamwandikia mtu msamaha ambao ni wako. Ila mimi nataka kwenda chuo kile, Shangazi, na sitaki kwenda kwa sahihi ambayo itakuuma kila ukiiona.

Nijibu kwa lori hilohilo, kwa neno moja ukitaka: asaini Baba, au unakuja?

Binti yako.